Kinywa cha Virginie

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mabati ya nyumba za mtaa Delphine Chishimba alipochukua kikombe cha bati, akakifuta kwa pindo la kitenge chake, akatoka kwenda kuchota maji kwa jirani.

Hilo peke yake si la kusimulia. Huko Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, siku bomba likitoa maji watu hupigiana simu, na nusu ya mtaa huishi kwa kisima cha mwenzake. Ila kisima alichokuwa anakiendea Delphine kilikuwa hakijaguswa na ndoo ya mtu tangu asubuhi ile walipomtoa Virginie ndani yake.

Na kinywa cha Delphine kilikuwa kinawaka moto.

Usidhani ni moto wa pilipili. Pilipili ina adabu, huja kisha huenda zake. Huu ulikuwa mwingine. Kila asubuhi aliamka mzima, akamshukuru Mungu mapema mno. Ikifika saa ya kusonga bukari, ugali wetu, ncha ya ulimi ilianza kuchomachoma. Jua likielekea kuzama, moto ulikuwa umeshika ulimi wote, kaakaa, na midomo kwa ndani, kama mtu aliyegugumia chai iliyotoka jikoni sasa hivi. Juu ya moto kulikuwa na ladha ya shaba. Watu wa Lubumbashi tumezoea kuwa na shaba chini ya nyayo. Kuwa nayo ulimini ni habari nyingine. Na ukimwambia afungue kinywa utazame, huoni kitu. Ulimi safi, wenye unyevu, bila kidonda wala upele. Daktari wa meno alimng'oa jino moja kwa kubahatisha, na moto ukabaki palepale, sasa ukiwa na nafasi zaidi.

Kilichomtisha Delphine si maumivu tu. Ugonjwa huu alikuwa anaujua. Alikuwa ameuona kwa Virginie, mwaka mzima, na alikuwa ameucheka.

Tuelewane kwanza kuhusu kucheka. Delphine alikuwa wa ukoo wa Bowa, uyoga. Virginie alikuwa wa Mfula, mvua. Uyoga na mvua ni banungwe, watani wa ukoo, na utani huo haufi hata mmoja wao akifa. Hapo ndipo unapopata kazi. Kwenye matanga, munungwe ana ruhusa ya kumtukana marehemu usoni, kuzuia jeneza mlangoni, kuvaa nguo zake na kutembea kama alivyotembea, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Wanatakiwa wacheke, hata kama machozi bado yanatiririka, maana bila hivyo msiba huvimba ndani ya watu. Na kwa kazi hiyo, Annexe nzima haikuwa na kinywa kama cha Delphine. Watu walimfuata hata kutoka upande wa Luano: Mama Delphine, tumefiwa, njoo utusaidie kucheka.

Virginie alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Walitaniana tangu wakiwa wake wapya. Kwa hiyo Virginie alipoanza kulalamika kwamba kinywa kinamuungua, akawa anatembea na chupa ya maji baridi kwapani na kujipaka dawa ya meno juu ya ulimi ili upoe, Delphine alimuuliza kama alimeza makala, makaa ya jikoni. Mwanzoni Virginie alicheka, kile kicheko chake chembamba cha puani. Hospitali hawakuona kitu. Kwenye maombi walipiga kelele mpaka wakakauka sauti, moto haukutoka. Jioni moja Virginie alikuja ukutani, akafungua kinywa wazi.

"Angalia muzuri," alisema. "Unaona nini?"

Delphine aliangalia. "Sioni kintu, Virginie. Ile iko mu kichwa yako tu."

Tangu jioni hiyo Virginie hakucheka tena, na hakulalamika tena. Mvua za kwanza zilipofika, walimkuta kisimani. Ndoo ilikuwa pembeni, kavu. Familia ikasema aliteleza.

Siku ya matanga Delphine alivaa libaya, blauzi ya marehemu, na kujifunga kitambaa chake cha kichwa. Akaanza na mwendo, ule wa Virginie wa kutanguliza bega moja. Watu wakacheka. Akaiga alivyokuwa akificha sukari wageni wakiingia. Watu wakashika mbavu. Sasa, mtu akichekewa hataki kuacha. Delphine akafungua kinywa, akatoa ulimi nje, akavuta hewa kwa meno: hhhsss… hhhsss… "Mayi… munipatie mayi…"

Walicheka mpaka viti vikaanguka. Hata André, mume wa marehemu, alicheka huku anajifuta macho. Keren, binti yao wa pekee, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza. Alijifunika uso kwa kitenge, na wote wakadhani naye anacheka.

Ni bibi mmoja tu, Mukuka, shangazi ya marehemu, aliyemvuta Delphine pembeni.

"Unaigaka mutembeo yake," alinong'ona. "Unaigaka choyo yake. Lakini kile kintu kilimuua, inafaa ukiache. Ile haiko yako."

Delphine alimjibu kwa utani, kama ilivyo haki yake. Kesho yake jioni, ncha ya ulimi wake ikaanza kuchoma.

Kaka yake mkubwa, Kabwe, hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alisema kwa sauti kile ambacho mtaa ulikuwa unanong'ona: Virginie amemrudishia. Alikuwa anamjua nganga mmoja nje ya mji, anayechana chini ya ulimi kwa wembe ili moto utoke pamoja na damu.

"Na kama ulimi yangu inakufa, yaya?" Delphine alimuuliza, akimwita yaya kama kila mdogo kwetu anavyomwita mkubwa wake.

"Afazali ulimi ikufe kuliko weye."

Kabwe aliongea kwa upendo, hilo Delphine alilijua, na ndiyo maana aliogopa zaidi. Kumkatalia mtu anayekuchukia ni rahisi. Aliomba apewe muda kidogo. Akaenda kwenye kliniki moja ndogo upande wa Kasapa, ambako daktari kijana alimsikiliza bila kuangalia saa, akampa kidonge cha kuweka mdomoni kama peremende, kisha kutema. Halafu akampeleka chumba cha pili, kwa mwanasaikolojia aitwaye Daniella.

"Mama, mi sisemi iko mu kichwa yako," Daniella alisema, naye kama sisi wote husema njo badala ya ndiyo. "Moto iko. Ni neva njo zinalia, hata kama nyama haina kidonda. Na woga inazipulizia, sawa vile unapulizia makala."

Delphine alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Alilia pale kwenye kiti. Daniella alimkataza kujitazama ulimi kwenye kioo, maana alikuwa akijitazama kutwa nzima. Alimfundisha kuvuta pumzi polepole mpaka mabega yashuke. Na taratibu, wiki baada ya wiki, alimtoa maneno ya matanga, na ya ule ukuta, na ya jinsi Delphine anavyozunguka barabara ya mbali ili asipite mbele ya lango la Virginie. Moto ukapungua nusu. Ila kila jioni ulirudi, saa ileile ambayo Virginie alikuwa akija ukutani.

"Ile kisima njo unaogopa," Daniella alisema. "Ukikimbia woga, inakufuata. Enda kule, mwangaza ikiwa ingali iko. Chota mayi, sukutua kinywa, rudia. Njo dawa yako ya hii juma."

Dawa gani hii, Delphine aliwaza. Akaahirisha, akaahirisha tena, mpaka Kabwe akachoka. Amepata gari, alisema. Leo giza likiingia anakuja kumchukua. Kama moto umezimika kwa maji waliyoagiza Kasapa, sawa. Kama bado, wembe.

Basi ndiyo hapo tulipomkuta, na kikombe mkononi. Mwanamke ambaye ulimi wake ndio jina lake mjini, na alikuwa na jioni hiyo tu ya kuuokoa.

Lango la André halikufungwa. Delphine alibisha hodi. Hakuna aliyeitika. André alikuwa bado kazini. Uwanjani mbabula, jiko la makaa, ulikuwa na makala yanayowaka na sufuria juu yake, kwa hiyo mtu hakuwa mbali. "Keren?" aliita. Sombe, kisamvu chetu, lilikuwa linatokota peke yake.

Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na ua wa matete wa bafu. André alikuwa amewaleta vijana wakakikausha kwa pampu na kukitia klori, lakini hata baada ya hapo hakuna aliyekubali kuchota. Bati la kufunika lilikuwa na jiwe juu yake. Delphine aliliondoa jiwe. Bati likakwaruza saruji. Ubaridi ukapanda kutoka chini, pamoja na harufu ya klori.

Alishusha ndoo. Kamba ilipita kiganjani, ikapita, ikapita… Ndoo ikagusa maji.

Hapo harufu ikabadilika.

Dawa ya meno.

Alisimama. Alivuta pumzi polepole, kama alivyofundishwa. Mabega yalikataa kushuka. Ni woga, alijiambia. Ni neva. Kinywa chake kilikuwa kinaungua kuliko siku zote, mpaka mate yakakauka na ulimi ukagandamana na kaakaa.

Hhhsss…

Alidhani ni kamba inayosugua ukingo. Akaishika isitikisike.

Hhhsss… hhhsss…

Ilitoka nyuma ya ua wa matete.

"Delphine."

Iliitwa kwa kunong'ona. Kwa Annexe nzima yeye ni Mama Delphine, ni Tantine, shangazi wa kila mtoto. Jina lake tupu liliitwa na watu wawili tu, kaka yake na Virginie.

Alitaka kukimbia. Badala yake aligeuza kichwa kidogo kidogo, na pale pembeni ya ua, mahali mwanga wa jioni haukufika, aliona mwanamke amekaa juu ya beseni lililogeuzwa. Kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Kinywa kiko wazi.

"Leta mayi."

Delphine alivuta ndoo. Hajui aliivutaje. Nusu ya maji yalimwagika miguuni. Alichota kwa kikombe, akasogea hatua moja, akanyoosha mkono mbali na mwili wake. Vidole vikakipokea. Vilikuwa vya moto, vidole vya mtu mwenye homa. Mwanamke akanywa. Akavuta hewa kwa meno.

"Haipoe," alinong'ona.

Kisha akainua uso, akafungua kinywa zaidi.

"Angalia muzuri. Unaona nini?"

Delphine aliinama. Mungu anajua alitamani kuona kitu. Kidonda, funza, kaa la moto, chochote kile ambacho mtu angeweza kukionyesha kidole na kusema, hiki hapa. Mwanga ulikuwa unatosha kidogo tu. Aliona ulimi. Ulimi safi, wenye unyevu, mzuri kabisa. Harufu ya dawa ya meno ikampiga usoni.

Hapakuwa na kitu.

Angeweza kudanganya. Alifikiria kudanganya. Lakini aliona yule mwanamke anamngoja, kama alivyomngoja pale ukutani, na hofu yake ikachanganyika na aibu mpaka asijue ipi ni ipi.

"Sioni kintu," alisema.

Pumzi ya yule mwanamke ikasimama.

"Sioni kintu," Delphine alirudia, machozi yakimshuka, "lakini inaunguza. Najua inaunguza. Nilikuwa nakucheka, na ilikuwa inakuunguza kweli. Unisamehe."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anampigia mtoto kelele aingie kuoga. Kisha kile kinywa kikafungwa, polepole, na kikombe kikarudishwa mkononi mwa Delphine. Kulikuwa na maji yamebaki.

"Kunywa."

Hakuwa ametumwa kunywa. Alitumwa kusukutua tu. Alikunywa. Yalikuwa maji, ladha ya maji, bila shaba hata kidogo. Na pale yalipopita, moto ulizimika. Ncha ya ulimi, kaakaa, midomo. Alikuwa amesahau kwamba kinywa kinaweza kukaa tu bila kusema chochote. Alipoinua macho, beseni lilikuwa pale, limegeuzwa, na hakuna mtu juu yake.

Alitembea kuelekea langoni. Hakukimbia, maana mtu mzima wa Bowa hakimbii mbele ya Mfula, hata wa Mfula akiwa amekufa. Lakini alitembea haraka sana, na langoni akagongana na mtu.

Alikuwa Keren, na mkate kwapani. Kichwani alikuwa amejifunga kitambaa cha mama yake.

"Tantine?" Keren alisema. "Ulikuwa unaongea na nani kule nyuma?"

Delphine alimwangalia kitambaa, akamwangalia mikono. "Si weye ulikuwa pale? Pa kisima?"

"Mi? Natoka kuuza mukate." Huko kwetu kuuza ni kununua pia, na mkate ulikuwa bado una joto. "Mi siendeke pale, Tantine. Naogopaka."

Akasita kidogo. Akavuta hewa kwa meno.

Hhhsss…

Delphine alimsogelea.

"Keren. Ile umefanya sasa… ilianza lini?"

Msichana aliangalia chini. "Tangu matanga. Kila mangaribi. Usiambie bantu, Tantine, tafazali. Batacheka."

Ile sauti ya kisimani ilimtisha Delphine, lakini neno hilo lilimuumiza. Miezi yote hiyo mtoto alikuwa amekaa ng'ambo ya ukuta na moto kinywani, peke yake, kwa sababu aliona jinsi mama yake alivyochekwa, na aliona nani aliyewachekesha. Delphine alimshika mkono amfuate. "Kuya ku nyumba yangu. Kesho tunaenda Kasapa, siye wawili. Kule habacheke."

Lakini uwanjani kwake gari lilikuwa limeshaegeshwa, na Kabwe alikuwa ameegemea mlango.

"Ulienda?" aliuliza. "Imepona?"

Delphine alifungua kinywa kujibu, na furaha ilikuwa imemjaa. Nyuma yake Keren hakuweza kujizuia.

Hhhsss…

Kabwe alisimama wima. Alimtazama msichana, akatazama kitambaa cha kichwa, na Delphine aliona wazo linavyoingia usoni mwake.

"Moto haikufaka," Kabwe alisema taratibu. "Inahamaka. Basi huyu njo anaibeba sasa. Ao njo yeye alikutupia tangu mwanzo. Mama yake alianguka mu kisima, weye unaungua… na yeye eko muzima mu nyumba ileile."

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa kinachofuata msichana akishatajwa kuwa mchawi. Leo wembe, kesho mtaa mzima unajua, keshokutwa baba yake anaombwa achague kati yake na amani ya watu. Delphine aliliona lote kwa mara moja. Na kwa kuwa alikuwa na kinywa kimoja tu na kazi moja aliyoijua, alifanya kazi yake.

Alicheka.

"Yaya, uko unamuogopa mutoto wa Mfula? Ni munungwe wangu. Ananiiga. Ni haki yake." Akamgeukia Keren, akatoa ulimi, akavuta hewa kwa meno kwa ustadi wote aliokuwa nao. "Fanya tena. Bado haujajua muzuri."

Keren alimwangalia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alielewa. Akafungua kinywa kilichokuwa kinamuungua kweli, akakifanyia mchezo. Hhhsss… hhhsss… "Mayi… munipatie mayi…"

Kabwe aliguna. Kisha akacheka, akatikisa kichwa. "Mutoto mubaya huyu." Akafungua mlango wa gari. "Donc, basi, kwako ingali inaunguza."

Delphine alijua hesabu yake. Munungwe haigi ugonjwa wa mtu aliyepona. Akisema amepona, utani umekufa na msichana amebaki peke yake na moto usio na jina.

"Inaunguza," alisema.

"Panda."

Alipanda. Kinywa chake hakijawahi kuwa baridi namna ile. Njia nzima alikuwa anausogeza ulimi juu ya meno, moja baada ya jingine, akiuaga.

Nganga alikuwa mtu mnyamavu, si yule wa mapembe na hirizi ambaye Delphine alimtarajia. Alinawa mikono kwa sabuni. Alitoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Kabwe alimshika dada yake mabega kwa nyuma, kwa upole.

"Fungua."

Akafungua. Nganga akamulika ndani kwa taa ya simu, akainua ulimi kwa kijiko. Aliangalia. Akaendelea kuangalia. Mkono wenye wembe ulikuwa umeinuka, ukabaki hapo hapo hewani. Aliondoa mwanga, akaurudisha, kana kwamba anataka kuwahi kitu kabla hakijajificha.

Kisha akarudi nyuma, akafunga wembe ndani ya karatasi.

"Mumurudishe ku nyumba."

"Na moto?" Kabwe aliuliza.

"Moto haiko."

"Kata tu, baba. Tuwe na hakika."

Nganga hakumwangalia Kabwe. Alikuwa anamwangalia Delphine, midomo yake, na alikuwa amesogea mpaka mgongo umegusa ukuta.

"Nikate ulimi ya nani?" alisema.

Kabwe alimrudisha dada yake nyumbani, na tangu siku hiyo hajataja wembe.

Daniella wa Kasapa alikuwa na maelezo, na ni maelezo mazuri, mimi mwenyewe huyaamini mchana. Ni Keren aliyekuwa kisimani, alisema. Mtu mwenye huzuni kubwa anaweza kwenda mahali na asikumbuke kwamba alienda. Giza lilikuwa linaingia, kitambaa kilikuwa cha mama yake, na Delphine alikuwa anangoja kumwona Virginie. Kilichomponya ni kusema lile neno, inaunguza, ambalo hakuna mtu aliyemwambia marehemu. Nganga naye aliona ulimi mzima, akaogopa kesi. Keren aliapa kwamba hakuwapo. Daniella aliandika kitu, akabadilisha mazungumzo.

Keren anapona, polepole, kama wanavyopona wagonjwa hao. Kidonge cha kutema, pumzi, maneno. Delphine humsindikiza kila mara, hukaa kwenye benchi nje, na hakuna mtu kwenye lile benchi anayethubutu kumcheka mgonjwa mbele yake. Matanga bado anaitwa, bado anaenda. Anaiga mwendo, anaiga choyo. Ugonjwa anauacha.

Juzi, wakitoka Kasapa kwa miguu, Keren alisimulia kuhusu jirani mmoja aliyekula chakula cha harusi mbili kwa siku moja na kukosea majina ya maharusi wote wanne. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kwa msichana huyo kuchekesha mtu. Delphine aliangua kicheko katikati ya barabara.

Keren akasimama.

"Tantine," alisema. "Usimuige mama."

Delphine alikuwa bado anacheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha puani, kinachopanda halafu kukatika kama kwikwi. Alikisikia sasa. Alikijua.

"Siko namuiga," alisema.

Keren hakukimbia. Alisogea karibu, karibu kabisa, akaweka kichwa chake kifuani mwa Delphine kama mtoto mdogo.

"Basi cheka tena," alinong'ona.

Delphine alikuwa ameshaziba kinywa kwa viganja vyote viwili, na kicheko kilikuwa bado kinatoka.